Kipima Kikilia Mlimani, Uliza Kwanza Namba Imetoka Wapi

(Hotuba niliyoitoa hapa Kigoma Mjini kwa walimu wa sayansi, wanafunzi wao na wazazi waliowasindikiza. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo. Vijana wa sayansi, hamjambo, na ninyi mliokaa karibu na mlango mkisubiri chai, nimewaona.

Naanza na swali. Nani kati yenu akisikia neno mionzi hafikirii bomu wala chumba cha eksirei? Nyoosheni mikono. Wawili tu. Na mmoja ni mwalimu wa fizikia, huyo hatumhesabu.

Haya. Mionzi ipo humu ukumbini. Inatoka kwenye sakafu hii, inatoka kwenye tofali za ukuta, inashuka kupitia bati, na inatoka kwa huyo aliyekaa pembeni yako. Usimhame! Na wewe unampa ya kwako. Mwili hauwezi kuishi bila potasiamu, na katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, ile inayotoa mionzi. Imekuwa hivyo tangu kuwe na watu, na kabla ya watu.

Kwa hiyo leo hatuulizi kama mionzi ipo. Siku hizi vipima vidogo vya mionzi vinaagizwa mtandaoni, vinaingia mfukoni kama simu, na vijana wanapanda navyo vilimani. Kinalia, kinaonyesha namba, namba inapigwa picha, picha inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kufika jioni kijiji kizima kina hofu, au kina tamaa ya madini. Swali ninalotaka muondoke nalo ni moja: namba hiyo imetoka wapi? Nitalirudia mpaka mchoke.

Imetoka wapi? Kwanza, imetoka chini.

Ardhi yetu ina vitu vitatu ambavyo vinatoa mionzi tangu dunia ilipoumbika na bado havijaisha. Urani-238 huchukua karibu miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Thoriamu-232 huchukua miaka bilioni 14. Potasiamu-40, miaka bilioni 1.25. Urani na thoriamu, pamoja na watoto wao wanaozaliwa kila atomi zake zinapooza, yaani zinapotoa mionzi na kugeuka kitu kingine, na potasiamu, zimo kidogo kidogo karibu katika kila jiwe unalolikanyaga. Ila mawe hayalingani. Itale, yaani graniti, kwa kawaida imebeba nyingi. Jiwe la mchanga lililosuguliwa na maji hadi zikabaki chembe za kwatzi, au jiwe la chokaa, limebeba chache. Na gama, ile mionzi inayopenya mbali, unayoipima ukisimama imetoka karibu yote kwenye sentimita 30 hivi za juu za udongo. Iliyozaliwa chini zaidi humezwa na udongo huohuo kabla haijatoka nje.

Sasa tuje nyumbani. Huku kwetu Kigoma Mjini na kuelekea bonde la Malagarasi, sehemu kubwa ni miamba tabaka ya kale, mawe ya mchanga na jamaa zake. Ukiambaa na ziwa kwenda kusini hadi Mahale, unakutana na miamba geu ya kale zaidi, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Halafu panda treni uende Tabora. Uwanda ule wote umelala juu ya itale, na ni tambarare kabisa. Kijana akija na hoja kwamba mlimani lazima mionzi iwe mingi kuliko tambarare, mwulize: mlima wa jiwe gani? Mtu akipima pembeni ya yale mawe makubwa ya Tabora akapata namba kubwa kuliko ya kilima chetu cha mawe ya mchanga, mimi sitashangaa hata kidogo.

Kuna kisa cha hapahapa Tanzania juu ya jambo hili. Mwaka 1956, watu wakiwa katika msako wa urani, ndege yenye vyombo vya kupimia mionzi ilipita jirani na Ziwa Manyara. Ilipofika Minjingu, sindano zikapanda. Minjingu ni kilima kidogo; zamani za kale ziwa lilipokuwa kubwa kilikuwa kisiwa, na ndege wa majini, minandi, walikaa hapo vizazi na vizazi. Watu wakashuka kuangalia. Wakakuta nini? Fosfeti. Mifupa na mabaki ya wale ndege yaliyogeuka jiwe, na fosfeti ina tabia ya kushika urani. Leo wakulima wanaijua Minjingu kwa mbolea. Kumbe kipima kilikuwa kinasema kweli, urani ilikuwemo, lakini kilichopatikana kikaenda shambani. Anayefanya kazi kwenye vumbi la jiwe lile kila siku ana haki ya kukingwa na kupimwa, na ndiyo sababu tuna Tume ya Nguvu za Atomiki na sheria yake ya mwaka 2003. Hilo nalipita haraka, maana wenye kazi hiyo wapo na wanaijua kuliko mimi.

Imetoka wapi? Pili, imetoka juu.

Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapopapenda. Zaidi ya miaka mia iliyopita wanasayansi wa Ulaya walikuwa na chombo kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Mionzi ikipita, chaji inavuja. Walikifunika vizuri, wakakizungushia madini ya risasi, bado kilivuja. Wengi wakasema ni mionzi ya ardhini, basi. Lakini kama ni ya ardhini, ukipanda juu si itapungua? Mwaka 1910 padre mmoja wa Kijesuiti, Theodor Wulf, alikibeba chombo chake hadi juu ya mnara wa Eiffel, Paris, mita 300 kutoka ardhini. Ilipungua, ila kidogo sana kuliko alivyotarajia. Akabaki na fumbo.

Mwaka 1912 Mwaustria Victor Hess akapanda angani kwa puto. Safari moja aliifanya mwezi Aprili wakati jua limepatwa, ili ajue kama mionzi inatoka kwa jua. Jua likafunikwa, namba hazikubadilika. Tarehe 7 Agosti alivuka mita 5,000, mahali ambapo baridi ni kali na pumzi haitoshi. Mwanzo wa safari namba zilishuka. Halafu zikaanza kupanda. Zikapanda, zikazipita kabisa zile za ardhini. Kitu kilikuwa kinashuka kutoka nje ya dunia. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kuna mwingine hatajwi sana, naye ndiye anayetuhusu sisi watu wa ziwa. Mwitaliano Domenico Pacini, mwaka 1911, mwaka mmoja kabla ya puto la Hess, alikizamisha chombo chake baharini karibu na Livorno, kina cha mita 3, na akafanya hivyo pia katika Ziwa Bracciano. Majini mionzi ilipungua. Akafikiri: maji yale yalikuwa yanazuia nini, ikiwa ardhi ilikuwa mbali? Yalikuwa yanazuia kitu kinachotoka juu. Alikufa mwaka 1934, miaka miwili kabla Hess hajapewa tuzo. Hess alipanda angani, Pacini akaingia majini, wakakuta kitu kilekile. Wavuvi wetu mlioko hapa, mmesikia? Majini!

Kwa nini nasema linatuhusu? Tuna milima na tuna ziwa, vimegusana. Chukua kipima chako, panda boti, toka kilomita moja au zaidi kutoka ufukweni. Chini yako kuna maji ya kina kirefu, na mita chache tu za maji zinatosha kuizima gama ya ardhini. Milima iko mbali, hewa ya katikati imekwisha kuidhoofisha gama ya mawe yake. Kipima bado kinalia? Kinalia. Kinachobaki hapo karibu chote ni vitu viwili: miale ya kutoka juu, na kelele za kipima chenyewe, maana hata bati na betri zake zina chembe zake za mionzi. Iandike namba hiyo. Ndiyo msingi wako. Ukirudi nchi kavu unaitoa kwenye kila kipimo, unabaki na ya ardhi. Watu wa nchi zisizo na maji makubwa wanahangaika kuipata namba hiyo. Sisi tunaitazama kila asubuhi tukipiga mswaki.

Ila ukipanda mlima, msingi huo haubaki palepale. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe kule Mahale kiko mita 2,462. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu ya kichwa chako inapungua, na hewa ndiyo paa letu. Kwa hesabu inayotumika kimataifa, sehemu ya mionzi inayotoka juu inakaribia kuwa mara mbili kati ya ziwa na kilele hicho: kutoka kama mikrosiveti 0.04 kwa saa (mikrosiveti ni kipimo cha mionzi inayoufikia mwili) hadi karibu 0.08. Hapo jiwe halijasema neno! Mtu akipima ziwani, kisha akapima Nkungwe, akakimbilia kusema mwamba wa Mahale una urani, amesahau kuangalia juu. Andika mwinuko. Kila kipimo kiandikiwe mwinuko wake, simu zenu zinaujua.

Imetoka wapi? Tatu, na hapa nitakaa kidogo: inaweza kuwa imetoka kwenye mvua, kwenye umbo la bonde, kwenye ukuta, au kwenye haraka yako mwenyewe.

Mvua kwanza. Upande wa Kasulu, kijiji sikitaji, kijana mmoja alipanda kilimani na kipima chake mara tu baada ya mvua kubwa ya alasiri. Siku zote pale alikuwa anapata kama mikrosiveti 0.12 kwa saa. Siku hiyo akaona 0.19. Akarudia, 0.19. Picha ikaenda kwenye kundi. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya umande kukauka, dalali wa viwanja alikuwa ameshafika na pikipiki anaulizia mwenye kilima. Mwalimu wa sekondari ya pale, mtu mtulivu, akaomba kipima, akapanda na yule kijana na nusu ya kijiji nyuma yao. Kikaonyesha 0.12. Wakazunguka jiwe zima, 0.12, 0.11, 0.13. Dalali akawasha pikipiki.

Ilikuwa nini? Urani iliyo ardhini, katika kuoza kwake, huzaa gesi inayoitwa radoni. Gesi hiyo hutoka kwenye udongo ikapanda hewani, nayo ikaoza, na watoto wake ni chembe za risasi na bismathi zenye mionzi zinazoelea. Mvua inazisomba zote na kuzilaza juu ya ardhi. Kipima kinapanda. Lakini chembe hizo hazina maisha marefu: risasi-214 hupungua nusu kwa dakika 27 hivi, bismathi-214 kwa dakika 20. Mvua ikikatika, subiri muda wa saa tatu, karibu zote hazipo. Halafu kuna kinyume chake: udongo ukishalowa sawasawa, maji yaliyomo yanaizuia gama ya chini, na namba inaweza kushuka kidogo kuliko ya kiangazi. Kwa hiyo kilima kilekile mwezi Agosti na mwezi Januari hakitakupa namba moja. Pima misimu yote miwili, na kila mara andika mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.

Umbo la nchi. Ukisimama uwanjani, ardhi iko chini yako tu. Ukisimama ndani ya korongo jembamba, kama yale yanayoteremka Gombe kuingia ziwani, mwamba uko chini, kushoto na kulia, na wote unakitazama kipima chako. Namba inapanda ingawa jiwe ni lilelile. Ukisimama kwenye kilele chenye ncha, ardhi imekuachia nafasi, ya chini inapungua kidogo huku ya juu ikiongezeka. Basi chora mahali uliposimama. Mchoro mbaya wa kalamu unatosha.

Ukuta. Tofali za kuchoma ni udongo, udongo una vile vitu vitatu. Duniani kote wastani wa gama ndani ya nyumba ni mkubwa kuliko nje. Usipimie barazani ukasema umepima kilima. Tafuta mahali pa wazi, kipima kikae mita 1 kutoka ardhini, kila mara mita 1, usikilaze juu ya jiwe ili kilie vizuri kwa ajili ya video.

Sasa haraka. Wanafunzi wawili walinijia wakibishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja amepima chini ya kilima kwa dakika moja, kipima kimelia mara 18. Mwingine amepima juu kwa dakika moja, mara 24. Wanataka niwaambie tofauti imetokana na nini. Nikawaambia, wanangu, sijaiona tofauti bado. Atomi hazipokezani zamu. Milio huja kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati: mawili pamoja, kimya, moja, kimya, manne. Ukihesabu 20, kosa lake la kawaida ni kipeuo cha pili cha 20, yaani kama 4 na nusu. Basi 18 na 24 zinaweza kuwa kitu kimoja. Ukihesabu 100, kosa ni 10, asilimia 10. Ukitaka asilimia 1, uhesabu milio 10,000. Vile vipima vyenye mrija mdogo vinalia kama mara 20 kwa dakika penye mionzi ya kawaida. Fanyeni hesabu: hiyo ni zaidi ya saa 8 mahali pamoja! Hakuna anayewataka mkae saa 8. Kaeni nusu saa, mpate milio 600, kosa liwe asilimia 4, inatosha kwa kazi ya shule. Wale wawili nikawarudisha. Nusu saa chini, nusu saa juu. Wakarudi na 21 na 22 kwa wastani, hawana tena cha kubishania, ikabidi wabishane mpira.

Nani mwenye subira ya nusu saa siku hizi? Ndiyo kazi yenyewe. Chuo chenye uwezo kina kipima cha fuwele ya iodidi ya sodiamu, chombo kinachoitambua kila gama kwa nguvu yake, kikakuambia hii ni ya potasiamu, hii ya ukoo wa urani, hii ya thoriamu. Siku tukikipata, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Mrija wa Geiger, ule wa vipima vyetu vidogo, unahesabu tu, hautambui nani ni nani. Hauna dosari kwa hilo, mradi usiulazimishe kusema usichokijua.

Sasa hofu, maana najua wazazi ndicho mnachokisubiri. Mtu wa kawaida duniani hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa asili (milisiveti moja ni mikrosiveti 1,000). Zaidi ya nusu ni radoni anayoivuta, hasa ndani ya nyumba. Gama ya ardhini ni kama 0.48 tu, ya kutoka juu kama 0.39, iliyobaki ni ya chakula. Maana yake? Yule kijana mwenye kipima kilimani anapima sehemu ndogo kuliko ile anayoivuta akilala amefunga madirisha. Na radoni ndiyo iliyothibitika kuleta saratani ya mapafu. Ukitaka cha kufanya usiku wa leo, fungua dirisha.

Mahali penye namba kubwa kweli papo. Ramsar, Iran, chini ya milima ya Alborz: chemchemi za moto hutoa radiamu, mtoto mwingine wa urani, kutoka ardhini, ikaganda kwenye mawe, na watu wakajengea mawe hayo. Baadhi ya nyumba zimepimwa zikavuka milisiveti 100 kwa mwaka. Imetoka wapi? Chemchemi na mawe ya ukuta, wala si kimo cha mlima. Kerala, India, ni mchanga wa pwani wenye thoriamu. Huko walifuatiliwa makumi ya maelfu ya watu kwa miaka, na utafiti uliotolewa mwaka 2009 haukuona saratani ikiongezeka kwa sababu ya gama ile ya ardhini. Sisi tuna Uvinza na chemchemi zake za chumvi, na watu wamechemsha chumvi pale kwa karne nyingi. Simaanishi kuna tatizo Uvinza, naomba asiniandike mtu vibaya. Namaanisha chemchemi yoyote ni mahali pazuri kwa mwanafunzi kwenda kupima, akaleta namba yenye maelezo.

Basi mpango ni huu. Jumamosi, ziwa likitulia, tunaanza na ule msingi majini, nusu saa injini ikiwa imezimwa. Baada ya hapo kila shule inachukua kilima chake. Njooni na kijiti cha mita 1, saa, na daftari la karatasi, kwa sababu simu itaisha chaji. Kila mstari uwe na tarehe, saa, mahali, mwinuko, aina ya jiwe, mvua ya mwisho, dakika ulizopima na idadi ya milio. Usiandike mikrosiveti tu, andika milio, ili mwingine aweze kukagua hesabu yako. Vipima vyote vikae pamoja kwanza mahali pamoja, tuone vinavyotofautiana, kabla havijatawanyika. Majaketi okozi hayawatoshi wote, kwa hiyo watakaopanda boti ni waliojiandikisha kwa katibu. Wengine mtapima ufukweni, mchangani na kwenye mawe, nayo ni kazi.

Chai imefika, naisikia harufu ya tangawizi, lakini maswali kwanza. Mama wa pale mbele, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.